Pale Tulipoambiwa Kuna Nyoka

Vijana wa ofisi ya ramani, siku ile ya kuniaga mlitaka hotuba. Mimi hotuba siwezi, na keki yenu ilikuwa tamu kupita kiasi, kwa hiyo nilikaa kimya nikala. Sasa niko nyumbani, miguu imepumzika, nimeshika kalamu. Shule niliachia darasa la tatu. Mkikuta kosa, lisahihisheni kichwani mwenu na mnyamaze.

Mambo ya vyeo na mshahara siandiki. Nataka kuwaandikia juu ya kazi, na juu ya marehemu Mzee Okelo, ambaye wengi wenu hamkumkuta. Mnatembea juu ya kazi yake kila asubuhi mkija ofisini na hamjui.

Niliingia pale mwaka uliofuata kifo cha Rais wa kwanza. Picha ya Rais mpya ilikuwa imetundikwa juzi tu, nayo ilikuwa ndogo kuliko ya zamani, kwa hiyo ukutani kulibaki mraba mweupe kuizunguka. Kila mtu aliuona na hakuna aliyeusema. Ndivyo miaka ile ilivyokuwa. Mtu alijifunza mapema vitu vya kuonwa na vitu vya kusemwa.

Niliajiriwa kufagia na kupika chai. Siku ya kwanza nikaingia na birika la moto, nikaona meza pana ina karatasi juu yake, nikaliweka hapo. Mzee mmoja mrefu, kofia mkononi, akaja taratibu akaliinua.

"Mama," akasema, "hiyo si meza. Huo ni mji. Umeweka birika juu ya stesheni ya reli."

Nikatazama, nikaona mistari tu. Akanionyesha kwa kidole: huu ni mto Sosiani, hii ni barabara ya kwenda Uganda, hii nyeupe ni Elgon View ambako watu wana maua mengi kuliko watoto. Doa la birika halikutoka. Miaka yote treni za Eldoret ziliingia katika duara la rangi ya chai.

Huyo ndiye Mzee Okelo. Alikuwa kiongozi wa kikosi cha kupima, watu wa mnyororo na vigingi. Alitoka upande wa ziwa akiwa kijana, akaja na wazungu wa upimaji, wazungu wakaenda yeye akabaki. Habari za nyumbani kwake hakuzungumza. Tulijua mkewe alifariki zamani na kwamba alimsafirisha kwao, basi. Mtu akiuliza zaidi, alikuwa akipangusa vifaa ambavyo tayari vilikuwa safi.

Baada ya kufagia kwa muda nikapelekwa chumba cha kuchapa. Siku hizi mnabonyeza kitufe. Sisi tulichapa kwa amonia. Unalaza ramani iliyochorwa kwa wino juu ya karatasi ya manjano, unapitisha kwenye taa kali, kisha kwenye mvuke, na mvuke ule ukikupata machoni unalia kama mfiwa. Tulikunywa maziwa eti yatatusaidia. Sijui kama yalisaidia, lakini tulikunywa. Karatasi inatoka ikiwa na unyevu, mistari ya buluu, na ndipo kazi yangu ya pili ilipoanza, kazi ya kupaka rangi. Kahawia ni nyumba za watu. Nyekundu ni biashara. Zambarau viwanda, machungwa shule, kijani mahali pa kupumulia, manjano huduma za umma. Nilinoa penseli kwa wembe. Rangi inalazwa upande mmoja tu, kama unavyopiga nguo pasi. Ukienda huku na huku mji unaonekana umekunjamana.

Kisha siku moja mshika fimbo wa vipimo aliugua, na hakukuwa na mtu. Mzee Okelo akasimama mlangoni mwa chumba cha kuchapa.

"Mama Wairimu, una gambuti?"

"Ninazo za kukamulia ng'ombe."

"Hizo hizo."

Wanaume wa kikosi walicheka mwanamke kushika fimbo. Mmoja akasema, "Mzee, akichoka tutambeba sisi?" Mzee aliniweka shambani karibu na Langas, akanipa ile fimbo ndefu yenye nambari nyekundu na nyeusi, akasema, "Simama nayo wima. Usiiegemee. Ukiegemea wewe, mji mzima unaegemea." Nikasimama. Jua likanipiga, siafu wakanipata, sikutingishika. Jioni aliyenicheka ndiye aliyekuja kuniuliza kama nina dawa ya siafu, maana yeye alikimbia akaacha vigingi. Tangu hapo nilikuwa nusu wa ofisini na nusu wa nje.

Sasa kulikuwa na sehemu moja, ng'ambo ya mto, nyuma ya mabanda ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Nyasi ndefu, miti michache ya miwati, hakuna nyumba. Kila tukikaribia hapo Mzee Okelo alituzungusha. "Hapo kuna nyoka," alisema. "Tutapima kutoka huku." Tulifurahi kuzunguka. Nani anataka nyoka? Sehemu ile ilipimwa pembeni tu, na katikati ikabaki tupu kwenye ramani.

Mji nao ulikuwa unafura. Viwanda viliita watu, na watu walikuja: wa Kakamega, wa Kisumu, wa Nyeri, wa milimani Marakwet. Mimi mwenyewe ni mtu wa kuja, baba yangu alikuwa kibarua katika shamba la mzungu upande wa Burnt Forest. Mtaa wa Huruma ulikuwa mahindi, ukifumba macho ukifumbua ni mabati. Maji yalikatika. Watoto walisoma chini ya mti kwa zamu. Ndipo akaletwa Bwana Kiplagat, kijana aliyesomea mipango ya miji, aandike mpango wa miaka ishirini ijayo.

"Miaka ishirini," Mzee Okelo aliniambia pembeni. "Mimi hata Jumamosi siijui."

Lakini Bwana Kiplagat hakuwa mtu wa kiburi. Nilimuuliza atajuaje watu watakaokuwa hapa wakati hata hawajazaliwa. Akaniuliza, "Mama, ukimnunulia mtoto sare ya shule, unanunua ya kumtosha leo?"

"Nani tajiri hivyo? Nanunua kubwa, nakunja pindo, nashona. Kila mwaka nafungua kidogo."

"Basi hiyo ndiyo kazi yetu," akasema. "Tunashonea mji pindo."

Sijasikia mtu akieleza vizuri zaidi, hata kwenye semina mlizonipeleka zenye soda.

Alifanya kazi na picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Unaweka picha mbili chini ya kioo cha macho mawili, unainama, na ghafla miti inasimama na nyumba zinainuka. Kwa picha hizo aliona ile sehemu ng'ambo ya mto: nyasi, tambarare, karibu na mabanda, karibu na barabara. Akafurahi. Watu wa mabandani walikuwa hawana zahanati. Akaandika hapo zahanati ya akina mama na watoto, na mimi nikapaka manjano. Mzee Okelo alikuwa chumbani siku hiyo. Alitazama penseli yangu ikienda, akatoka nje akavuta sigara, na Mzee Okelo hakuwa mtu wa sigara.

Sheria ilisema mpango utundikwe watu wauone, na asiyeridhika alete pingamizi kwa maandishi kabla ya siku iliyotajwa. Ukipita muda na kimya, kimya ni kukubali. Tukautundika katika ukumbi wa mji. Bwana Kiplagat aliona watu wakija, wanautazama kama kalenda, wanaondoka. Akaniomba nikae hapo na kiti na meza niwaeleze, kwa kuwa naongea Kikuyu na Kiswahili, Kinandi nilijifunza kwa majirani, na Kijaluo cha kuokoteza kwa watu wa kikosi.

Niliipenda kazi ile. Mtu akija namuuliza, "Unakaa wapi?" Akisema Kipkaren, nachukua kidole chake nakiweka Kipkaren. Mtu akishaona mlango wake, ramani inamfungukia yote. Lakini kuandika pingamizi hawakutaka. Fikirini miaka ile. Chama kimoja, na karatasi inakuambia andika jina lako na namba ya kitambulisho chini ya neno "napinga". Mzee mmoja wa duka aliniambia barabara mpya inapita jikoni kwake. Nikampa kalamu. Akaniambia, "Mama, jiko nitajenga lingine. Mimi sipingi kitu."

Halafu nikaanza kuona jambo. Walikuja wanawake, mmoja leo, mwingine kesho, wengi wa mabandani. Kidole chao hakikutafuta nyumba. Kilitafuta ng'ambo ya mto.

"Hapa patakuwa nini?"

"Zahanati ya akina mama."

"Ni vizuri," wanasema. Na wanaendelea kusimama. Kisha wanafunga leso kichwani upya na kuondoka.

Mmoja nilimjua, Mama Nekesa, aliyewafulia watu nguo Elgon View. Yeye alikuja mara mbili. Mara ya pili nikamwambia, mimi sina maneno laini, "Mama Nekesa, hapo una nini? Umeficha pombe?"

Akaangalia mlango kwanza. "Mtoto wangu yuko hapo."

"Anacheza hapo?"

"Amelala hapo. Yule wa pili. Na si yeye peke yake. Wako wengi. Kila mtu mabandani ana mtu."

Nikaelewa pole pole. Nyasi zile zilikuwa makaburi. Hayana jiwe wala msalaba, maana waliozikwa hapo walizikwa kimya kimya, na watu ambao hawakutaka ijulikane. Nyinyi mnajua desturi zetu. Mtu huzikwa kwao. Mjini ni mahali pa kutafuta, hakuna anayelala pale. Ukimzika mtu wako mjini, umetangaza kwamba huna shamba, huna boma, ndugu zako hawakujui. Afadhali useme umemsafirisha.

"Sasa andika," nikamwambia. "Andika waache mahali hapo."

"Niandike nini? Kwamba sina kwetu? Nyumba ninazofulia nguo wote wanajua kwamba nilimpeleka Bungoma." Halafu akasema neno ambalo sijalisahau. "Na tena, Mama Wairimu, zahanati ingekuwepo hapo, mtoto asingekuwa hapo. Sasa nipinge zahanati?"

Nikampa chai ya thermosi yangu.

Saa ya chakula siku iliyofuata nilivuka mto nione kwa macho yangu. Nyasi zilinifika kiunoni. Ukitembea pole unaona: vituta vidogo, vingine vimezungushiwa mawe ya mto, hapa ua jekundu, pale kikombe cha bati kimegeuzwa juu chini. Na katikati, chini ya mti wa mwati, mtu ameinama anang'oa magugu, kofia ameiweka pembeni kwenye nyasi.

Sikukohoa wala sikumwita. Aliniona mwenyewe. Mzee Okelo hakusimama.

"Sasa umeona nyoka," akasema.

Nikakaa chini. Akaendelea kung'oa. Sehemu ile ilikuwa safi kuliko vifaa vyake vya kupimia.

"Ni Mama Akinyi?" nikauliza. Akinyi alikuwa binti yao, alikuwa ameolewa Nakuru.

"Ni yeye."

Alinieleza huku macho yake yakiwa kwenye magugu. Baba yake alipofariki, kaka zake walisema yeye ni mtu wa wazungu, hana haki ya ardhi. Kwao mwanamume asiyejenga boma hawezi kumzika mkewe nyumbani. Atamweka wapi, kwenye uwanja wa kaka? Mkewe alipougua walimpeleka hospitali ya Plateau, akarudi, akafia chumbani mabandani. Mzee aliomba ruhusa ofisini ya kwenda kuzika. Alipewa, na maua. Akakaa hapa mjini amejificha chumbani mpaka ruhusa iishe, kisha akarudi kazini na kusema safari ilikuwa salama.

"Sema basi kwa Bwana Kiplagat," nikamwambia. "Si mtu mbaya."

"Niseme kikosi kisikie? Hawa watu nimewaongoza. Nimewaambia hapa kuna nyoka kwa sababu ya mama huyu. Nikisema, mimi ni nani? Mzee mzima asiyeweza kuzika mkewe."

"Siku zinakaribia kwisha, Mzee. Kimya ni kukubali."

"Ndiyo. Wacha iwe zahanati. Watoto watapona juu yake. Yeye alipenda watoto."

Hapo nikamwambia jambo ambalo watoto wangu mwenyewe walilisikia wakiwa wakubwa. Mama yangu alizikwa katika shamba la mzungu, ukingoni mwa boma la vibarua. Shamba likauzwa, likagawanywa, trekta ikaja. Sisi tulikuwa watu wasiohesabiwa, hakuna aliyesema hapo kuna mtu. Nilienda kutafuta nikakuta mahindi. Mazuri, marefu, na sikujua nisimame kwenye mstari upi.

"Zahanati si vibaya," nikasema. "Lakini wewe utasimama wapi?"

Akachukua kofia akaivaa. Tulirudi kazini kila mtu kwa njia yake, maana watu wana midomo.

Siku ya mwisho ya kutazama mpango nilikuwa mezani tangu asubuhi. Mchana ukumbi ulikuwa mtupu, isipokuwa karani aliyekuwa akifunga madirisha. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Okelo. Alivaa koti jeusi na tai. Nilidhani kuna msiba.

"Mzee, kuja ukae."

"Sitaki kukaa. Leo sikuja kazini. Nimeomba ruhusa."

Akaenda mbele ya ramani, ramani ambayo nusu ya mistari yake ilitoka katika miguu yake mwenyewe, akaitazama kama mtu anayeiona mara ya kwanza. Kisha akarudi kwangu akasimama mbele ya meza, mikono nyuma.

"Nimekuja kama mwananchi," akasema. "Nambari nazijua, maneno haya siyawezi. Utaniandikia?"

Nikachukua kalamu. Mwandiko wangu mnaujua, unatembea kama kuku. Aliongea pole pole ili nimfikie. Alitaja jina lake lote. Akasema ng'ambo ya mto pale penye manjano mke wake amezikwa, na watu wengine wengi wamezikwa, na yeye hana kwingine pa kumpeleka. Akasema hapingi zahanati. Anaomba isogezwe.

"Niandike huna kwingine?" nikamuuliza, maana ndilo lililomchoma.

"Andika hivyo hivyo. Kwa herufi kubwa ukiweza."

Karani alikuwa ameacha dirisha. Mdomo ulikuwa wazi. Mzee akamgeukia, akamwambia, "Na wewe kijana, usisubiri wengine wapeleke habari. Kawaambie kikosi mwenyewe. Utanipunguzia kazi."

Akaweka sahihi, akanishukuru kwa Kijaluo, akatoka. Karani alikimbia kweli. Na maneno yakafika mabandani kabla ya jua kuzama, kwa sababu kabla hatujafunga mlango Mama Nekesa aliingia mikono bado ina povu la sabuni, nyuma yake mwanamke mwingine, na nyuma yake mwanamume mmoja askari wa usiku, Mnandi, ambaye kila mtu alidhani ana shamba kubwa Kapsabet. Niliandika mpaka kidole kikaota uvimbe. Mama Nekesa aliniambia, "Andika zahanati tunaitaka. Lakini si juu ya Wafula." Ndiyo mara ya kwanza nilisikia jina la mtoto wake.

Asubuhi Bwana Kiplagat alisoma karatasi zile amesimama. Kisha akasema twende. Tulivuka mto sisi watatu, yeye, Mzee na mimi. Alipoingia kwenye nyasi akavua viatu. Sijui nani alimfundisha, hakuna aliyemwambia. Alitembea mpaka chini ya mwati.

"Mzee," akasema, "tumepita hapa pamoja mara ngapi. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniuliza kwetu ni wapi."

Bwana Kiplagat akasema, "Ningeuliza. Ni kweli."

Siku hiyo tulipima ile sehemu katikati. Mzee mwenyewe alishika darubini ya kupimia, kikosi kizima kilikuja, na hakuna aliyecheka. Walitembea kama watu walio kanisani. Yule wa siafu ndiye aliyepiga vigingi, na kila kigingi aliuliza kwanza, "Mzee, hapa kuna mtu?"

Msidhani iliisha hivyo. Mpango ulilazimika kupita kwenye kamati, na mimi nilikuwa humo kugawa chai, kwa hiyo nilisikia. Mkubwa mmoja, jina lake silitaji na amekwisha kufa, alisema mji wa kesho haupangwi na wafu, na kwamba hao watu kama wana kwao wawapeleke, na kama hawana walikuwa wanatafuta nini hapa. Wote waliokaa hapo walikuwa na watu wao vijijini, makaburi yao yana sementi.

Bwana Kiplagat akasimama. Alisema tunapanga mji wa miaka ishirini. Tumehesabu watakaozaliwa, shule zao, maji yao. Hakuna aliyehesabu watakaokufa, kwa sababu sote tunajifanya hakuna atakayefia hapa. "Mji usio na mahali pa kuzika watu wake," akasema, "ni kambi." Kisha akafungua ramani akaonyesha zahanati akiwa ameipeleka upande wa pili wa barabara, penye sehemu iliyotengwa kwa maegesho ya malori. Akasema malori yana magurudumu, yanaweza kusogea.

Mkubwa alicheka kwa hilo. Nafikiri kicheko ndicho kilichotuokoa, maana mtu akishacheka ni vigumu kukasirika tena. Wakasema ipelekwe Nairobi, Nairobi iamue. Mimi nikamwaga chai nje, ilikuwa imepoa yote.

Nairobi ilikaa nayo muda mrefu. Mvua ilikuja ikaenda. Mzee Okelo hakuuliza hata siku moja, lakini kila gari la posta likifika alikuwa na sababu ya kupita kwangu. Kikosi kilimtendea vile vile, isipokuwa jambo moja. Walianza kumwuliza habari za mkewe. Alikuwa anapika nini, aliimba kwaya gani. Na yeye alijibu. Mtu aliyenyamaza miaka yote hiyo, ukimfungua ni kama bomba la mji, unaanza na kutu halafu maji yanakuja.

Ramani ikarudi na muhuri. Bwana Kiplagat aliniletea mwenyewe kwenye chumba cha kuchapa. Nikaichapa, nikailaza mezani, nikapaka rangi. Zahanati manjano, ng'ambo ya barabara. Na ile sehemu ya mto, kijani. Bwana Kiplagat akaniuliza tuandike nini juu yake. Nikasema mwulize mwenyewe.

Mzee Okelo akaitwa. Akainama juu ya meza mpaka pua karibu iguse karatasi, amonia ikamtoa machozi, au sijui ni nini kilichomtoa.

"Andika Makaburi," akasema. "Usiandike ya zamani, wala ya wafanyakazi, wala ya nani. Makaburi tu. Kama ya watu wengine."

Tukaandika hivyo.

Akaniomba tutoke kidogo. Tulivuka mto, mimi na yeye, yeye amekunja nakala ile chini ya koti isiloe kwa manyunyu. Chini ya mwati akapiga magoti. Akaifungua ramani akaitandaza juu ya lile tuta, upande wa rangi ukiwa juu, akaweka kidole chake pale pa kijani kama nilivyokuwa nikiwafanyia watu ukumbini. Kisha akamwongelesha mkewe kwa lugha yao. Kijaluo changu ni cha kuokoteza, lakini hiki nilikielewa.

"Mama," alimwambia, "nilipokulaza hapa nilikuambia ni pa muda tu, nitapata ardhi, nitakuja kukuchukua. Usiningoje tena. Hatuhami."

Kisha akaninyooshea mkono nimwinue. Tukarudi ofisini. Zilikuwa bado ni saa za kazi.